Nafasi za Koboko na Viazi vya Inde

Jumatatu, 5 Mei 2025. Arua.

Nimepewa kazi. Dada yangu Hawah ametangaza wakati wa chai kwamba mimi ndiye nitakayelinganisha vyuo vikuu kwa niaba ya binti yake Faridah. Alitangaza mbele ya watu watano, hivyo hawezi kurudi nyuma. Alitoa sababu mbili. Kwanza, nilikuwa mwandishi wa habari wa redio kwa miaka ishirini na sita, najua kuuliza maswali. Pili, sina kazi nyingine. Sababu ya kwanza ilitosha.

Hali ilivyo. Faridah ana miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita. Biolojia B, Kemia C, Kilimo B. Anataka kusomea afya. Fomu inajazwa kwenye mtandao na inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 16, saa kumi na moja jioni. Ikimpita, atasubiri mwaka mzima akiuza vitenge sokoni na mama yake. Wote wawili wanajua ni wangapi walioanza kuuza vitenge kwa mwaka mmoja tu. Wapo sokoni hadi leo.

Nilimwuliza anataka kozi gani. Akasema ukunga. Nikamweleza kwamba mtu mwenye B mbili hazungumzii ukunga kabla ya kuuzungumzia udaktari. Akanijibu kwamba yeye ameshamaliza kuzungumza.

Jirani yetu Hakimu alikuwa upande wa pili wa ua, anajifanya anafunga kamba ya nguo. Binti yake Sumayah alisoma darasa moja na Faridah. Alipaza sauti kwamba yeye hana wasiwasi, ana mshauri Kampala. Nimechunguza. Mshauri ni shemeji yake, anauza magodoro.

Jumanne, 6 Mei.

Jedwali limeanza. Nimelichora nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, safu sita, rula ya Faridah. Simu tisa kabla ya adhuhuri. Vyuo nimevipa namba, kulinda vyanzo vyangu.

Chuo cha Kwanza, udaktari. Wanataka Biolojia, Kemia na somo jingine moja kuu. Hayo tunayo. Nikauliza alama za waliochukuliwa mwaka jana. Faridah angezifikia kama angekuwa wasichana wawili.

Chuo cha Pili, uuguzi. Masomo makuu mawili, Biolojia na Kemia. Karani ana adabu. Aliniuliza kama mwanafunzi ni mimi. Nikasema mimi ni ofisi yake.

Chuo cha Tatu, ukunga. Masharti yale yale. Wanachukua pia wenye diploma waliofanya kazi miaka miwili, na watu wazima waliotimiza miaka ishirini na mitano, kwa mtihani wa pekee. Nikauliza umri unaishia wapi. Hauishii. Nimeweka nyota hapo.

Chuo cha Nne, diploma ya maabara. Masharti ya masomo ni mepesi, ila wametuma orodha ya vitu vya kuja navyo: glavu boksi mbili, aproni, buti nyeupe za mpira, rimu ya karatasi, ufagio, jembe, fyekeo. Niliuliza fyekeo linatibu nini. Karani akasema uwanja.

Jambo jingine nimelipata. Vyuo vya serikali vinawaongezea wasichana alama moja na nusu. Niliuliza kama msichana akiomba vyuo viwili anaongezewa tatu. Simu ikakatika.

Jioni nililipa ada ya fomu kwa wakala. Amenipa karatasi yenye namba ndefu. Bila namba hiyo fomu haiendi. Nimeitia mfuko wa shati.

Alhamisi, 8 Mei.

Habari kubwa. Nimeipata ukutani, kwenye duka la fotokopi, chini ya tangazo la mbuzi aliyepotea.

Serikali inatoa nafasi za wilaya. Kila wilaya ina watoto wake kadhaa wanaosomeshwa bure, na wanashindana wao kwa wao tu. Mtoto wa Arua anashindana na wa Arua. Mtoto wa Koboko na wa Koboko.

Nilikaa kwenye benchi la duka na kupiga hesabu. Arua ina shule nyingi, na kila shule ina wazazi kama Hakimu. Koboko ni ndogo. Mtu wa huko ana akili ya biashara, mpaka wa Kongo upande huu, wa Sudan Kusini upande ule. Atoe wapi muda wa Kemia?

Kwa hiyo Faridah ni mtoto wa Koboko.

Sisemi uongo. Babu wa babu yetu alikuwa askari. Alitoka Sudan na jeshi, akapita mahali pengi, akazeekea Arua. Sisi Wanubi ukituuliza wilaya ya asili tunakutajia kambi. Jeshi lile lilipita Koboko, hilo halina ubishi, na mtu hawezi kutoka kule hadi huku bila kulala njiani. Nasema alilala Koboko.

Nilimweleza Hawah. Akasema hata malori ya Juba yanapita Koboko na bado hayajawa Wakakwa, wenyeji wa huko. Faridah akasema kitambulisho chake kimeandikwa Arua, na fomu ikitofautiana na kitambulisho inatupwa. Nikamwambia kitambulisho ni maoni ya mtu mmoja aliyekuwa na haraka. Changu kinasema nilizaliwa Februari 30.

Wamekataa wote wawili. Nitaendelea peke yangu. Kinachohitajika ni barua ya mwenyekiti wa kijiji huko. Faridah akiiona na muhuri wake atalainika, na kitambulisho kitarekebishwa baadaye.

Ameulizia karatasi ya malipo. Nimesema mtandao wa wakala unasumbua. Nikimpa leo atatuma leo, na atatuma Arua.

Ijumaa, 9 Mei.

Baada ya swala ya Ijumaa Hakimu aliniuliza kesho niko wapi. Nikajibu bila kupepesa kwamba naenda Inde, sokoni, kutazama mbuzi. Inde iko kusini. Koboko iko kaskazini. Hivyo ndivyo chanzo kinavyolindwa.

Hakimu akasema ni ajabu, hata yeye wiki ijayo ana safari ya Inde, kuna mgonjwa. Akaniomba nimletee asali ya huko, chupa moja. Mimi nikamwomba viazi vitamu. Tukaagana kwa heshima.

Nilimwonea huruma. Mtu mzima kutembelea wagonjwa wakati fomu zinafungwa.

Jumamosi, 10 Mei. Koboko.

Nilifika saa tatu na robo asubuhi. Mji umejaa, pikipiki, magunia, watu wanapatana bei kwa lugha nne. Nilimwuliza muuza viatu ni kijiji gani kina mwenyekiti mwepesi wa barua. Alinitazama viatu, akacheka, akasema niende Midia kwa Mama Rosa Kiden. Akaniambia kila mutu ya Arua iko naenda kwake. Nilichukulia kama sifa ya huduma nzuri.

Midia ni mashamba matupu, barabara nyekundu, kituo cha afya chenye vyumba vitatu. Mama Rosa nilimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Ni mwanamke wa miaka sitini hivi, hana haraka. Aliniachia kiti, akanipa maji, akangoja.

Nilieleza. Askari, jeshi, safari, usiku ule babu aliolala Koboko. Nilisimulia vizuri, nadhani dakika kumi na mbili, na penye huzuni nilishusha sauti.

Akauliza, "Babu yako iko mutu ya nani hapa?"

Nikasema ya jeshi.

"Alizikwa wapi?"

Nikasema Arua.

"Nani ya hapa alikwenda matanga yake?"

Nikasema ilikuwa zamani, barabara ilikuwa mbaya.

Akafikiri. Kisha akaniambia kwamba hapa mutu inajulikana na kaburi ama na jembe. "Kaburi huna. Basi Jumatatu kuja na jembe."

Maana yake ni hii. Kijiji kina mkunga mmoja, Sista Jenifer. Hawezi kutoka wodini kulima, kwa hiyo kijiji kinamlimia karanga zake. Ni desturi yao. Mwenyekiti anapanga zamu. Anayepalilia karanga za Sista anahesabiwa ni mtu wa Midia.

Kazi rahisi. Nilinunua asali Koboko, chupa moja, nikarudi nayo nyumbani kama ya Inde.

Jumatatu, 12 Mei. Midia.

Nilifika na jembe la Hawah ndani ya gunia, ili majirani wasilione.

Shamba la Sista ni kubwa kuliko nilivyoelezwa. Mama Rosa alinionyesha mistari mitatu akasema ni yangu ya leo. Nikainama. Mstari wa pembeni kulikuwa na mtu ameinama pia, kofia imefunika uso, anang'oa magugu kama anatafuta pete.

Alisema bila kuinua kichwa, "Naona Inde imesogea."

Ni Hakimu.

Nilimwuliza hali ya mgonjwa. Akauliza hali ya mbuzi. Wote wanaendelea vizuri. Tukapalilia kama nusu saa, kila mtu akitazama mstari wa mwenzake.

Ilibidi tuongee. Babu yake Hakimu naye, kumbe, alikuwa kwenye jeshi lile lile na alilala Koboko usiku ule ule. Nilimwambia hilo haliwezekani, ningelijua. Akasema kambi ilikuwa kubwa.

Hatukuwa peke yetu. Nilihesabu wanaume watano na wanawake wawili wenye viganja laini. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa Arua. Mwingine aliwahi kunisomea mita ya umeme. Nilisikitika kuona watu wazima wanadanganya kuhusu asili yao.

Adhuhuri Sista Jenifer alitoka wodini kuja kutusalimia. Kijana bado, labda miaka thelathini na sita, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko. Akasema kila mwezi wa tano shamba lake linakuwa safi kuliko yote Midia na anashindwa kujua sababu. Alipokuwa anasema hivyo alimtazama Mama Rosa. Mama Rosa alikuwa anatazama mawingu.

Nimeng'oa karanga chache kwa bahati mbaya. Majani yake yanafanana na ya magugu, hasa saa sita mchana.

Tulirudi na Hakimu kwa gari moja. Njiani nilimkabidhi asali ya Inde. Akasimamisha gari Koboko, akashuka dakika tano, akanikabidhi viazi vya Inde. Tulishukuriana.

Jumatano, 14 Mei.

Mistari mingine mitatu. Mgongo wangu unatoa sauti kama mlango wa msikiti. Mama Rosa amesema barua ni Ijumaa, baada ya mistari mitatu ya mwisho. Nitaichukua asubuhi na saa sita nitakuwa Arua. Muda unatosha kabisa.

Leo wakati wa kupumzika nilimhoji Sista Jenifer, kwa ajili ya jedwali. Alianza na cheti, miaka miwili na nusu. Akafanya kazi. Akarudi diploma. Akafanya kazi tena, akarudi shahada akiwa na miaka thelathini na moja, mtoto mgongoni. Nikamwuliza kwa nini hakuanza na shahada moja kwa moja, ingemwokolea muda. Akasema Kemia yake ilikuwa D na mlango uliokuwa wazi ni ule. Kisha akaniuliza huyu anayetaka kuomba ana nini. Nikasema B, C, B. Akatazama jembe langu. Akauliza, basi huyu mzee anapalilia hapa kwa nini?

Niliona hajaelewa mkakati.

Nyumbani Faridah aliuliza karatasi kwa mara ya saba. Hakuuliza kwa hasira, na hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa ameshajaza fomu yote, amebakiza namba tu. Ameweka ukunga wa Chuo cha Tatu wa kwanza, uuguzi wa pili, udaktari hakuuweka kabisa. Alikuwa amekaa mlangoni na buti za mpira za mama yake miguuni, anazijaribu. Ni nyeusi na kubwa. Nikamwambia Ijumaa.

Ijumaa, 16 Mei.

Naandika kwa mpangilio wa saa, kama tulivyofundishwa.

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Nafika Midia. Hakimu ameshafika. Karatasi ya malipo iko mfuko wa shati, nimeikagua.

Saa tatu. Mvua. Si ya kawaida. Tunakimbilia kibaraza cha wodi, watu wanane na majembe manane. Ndani mama mmoja anajifungua. Tunasikia yote. Mwalimu mstaafu anaomba kiti.

Saa tano na nusu. Mtoto wa kike. Tunapiga makofi kibarazani bila kuombwa. Sista anatoka kutuonyesha, anatuhesabu, anasema mtoto amezaliwa na wajomba wengi wa Arua.

Saa nane. Mvua inakatika. Mama Rosa anasema shamba lina tope lakini mistari haijakimbia. Namwomba barua kwanza. Anasema karanga kwanza. Nampa hoja tatu. Ananipa jembe.

Saa nane na dakika ishirini. Simu yangu inazima. Mvua ilipotia giza nilikuwa nimeitumia kama taa kutazama tope mbele ya kibaraza. Kosa dogo.

Saa tisa na robo. Bado mstari mmoja na nusu. Simu ya Hakimu inalia. Anaitazama, ananiletea, anasema ni Sumayah lakini si Sumayah. Alikuwa Faridah. Sauti yake ilikuwa tulivu sana.

"Mjomba. Karatasi iko wapi?"

Nikasema iko salama. Akauliza mimi niko wapi. Nikasema Inde. Akasema Sumayah amemwambia Inde yenyewe iko Midia. Nikasema nipo njiani. Akasema njia ya Midia hadi Arua na tope hili ni saa mbili, na saa kumi na moja fomu inafungwa, na yeye hesabu alisoma.

Hapo nikakiri kwamba hesabu yake ni sahihi. Naliandika kwa sababu ni kweli.

Sista Jenifer alikuwa nyuma yangu, ametoka kumwaga maji. Akauliza fomu ya nini. Hakimu, ambaye hakuulizwa, akasema ya ukunga, ya mtoto wa dada yangu, na kwamba namba nimekaa nayo kifuani tangu wiki jana. Sista akanyoosha mkono. Nilieleza kwamba taarifa haitolewi kabla ya barua kuthibitishwa. Hakubishana. Aliuacha mkono pale pale. Nadhani mkono ule umetoa watoto wengi wasiotaka kutoka. Karatasi ikatoka.

Ilikuwa imeloa. Tarakimu mbili za mwisho hazikusomeka. Niliipuliza, hazikurudi. Sista akaigeuza, akainyoosha kwenye jua, akaitazama kwa pembeni, macho ameyafumba nusu. Akasema nne, sita. Kisha akasema hapana, nne, nane. Akaisoma yote kwenye simu, pole pole, mara mbili.

Tulingoja. Mama Rosa naye alisimamisha jembe. Watu wote wa Arua walisimama kwenye mistari yao.

Saa tisa na dakika thelathini na nne. Faridah akasema imekubali. Imekwenda.

Niliomba simu ili nirekebishe wilaya. Hakuna aliyenipa. Sista alikwenda nayo chini ya paa la kibaraza na wakazungumza dakika kumi na moja. Nilisikia upande mmoja tu. Kwamba buti nyeupe anunue namba moja zaidi, zamu ni ndefu na soksi nene zinasaidia. Kwamba mwaka wa kwanza atatamani kuacha mara mbili, na mara ya pili ndiyo ya kweli, ampigie. Kisha Sista akacheka kicheko kirefu, na kutoka kwenye simu nilisikia Faridah anacheka pia. Hakimu alilalamika kuhusu salio lake lakini hakuomba simu irudishwe.

Saa kumi na dakika kumi. Nimemaliza mstari wa tisa. Mama Rosa akanipa bahasha, imefungwa, muhuri juu. Hakimu naye yake.

Saa mbili kasoro, nyumbani. Hawah alikuwa amepika kisra, mkate wetu mwembamba, na mchuzi wa nyama, na alinipakulia wa mwisho. Niliweka bahasha mezani nikatangaza kwamba hata hivyo tunayo, na kwamba ofisi huwa zinapokea marekebisho. Faridah akaifungua akasoma kwa sauti. Nainakili kama ilivyo.

"Kwa anayehusika. Bwana Nasiri tunamfahamu tangu Jumamosi. Amepalilia mistari tisa ya karanga za mkunga wetu. Pamoja na magugu aling'oa karanga thelathini na moja, tumezihesabu. Ni mtu wa Arua. Hana ubaya. Rosa Kiden, Mwenyekiti."

Hawah alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Faridah alijaribu kusoma tena akashindwa kufika kwenye karanga. Nilikula kisra yangu.

Baadaye nikasikia upande wa pili wa ua Sumayah anasoma na nyumba nzima inacheka. Nilisogea kwenye ua kusikia idadi. Karanga arobaini na nne. Nimemshinda.

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Arua.

Majina yametoka. Faridah amepata ukunga, Chuo cha Tatu, kwa nafasi za wilaya. Wilaya ya Arua.

Vigelegele tangu saa nne. Soko zima la vitenge limekuja uani, sahani hazitoshi. Faridah amevaa buti nyeupe mpya ndani ya nyumba tangu asubuhi, namba moja zaidi, na anapiga simu Midia kila baada ya dakika kumi kumwambia Sista Jenifer jambo alilosahau kumwambia dakika kumi zilizopita. Sumayah amepata maabara, Chuo cha Nne. Hakimu ametoka kununua fyekeo.

Nimefuatilia habari hadi mwisho wake, kama kawaida yangu. Nilimpigia karani yule mwenye adabu. Akasema mwaka huu maombi ya Koboko yalikuwa mengi ajabu, na mengi yametupwa kwa sababu vitambulisho vilisema Arua. Arua yenyewe ilikuwa na nafasi za kutosha.

Nikamweleza Hawah maana yake. Watu wa Arua walihamia Koboko, njia ikabaki wazi kwa Faridah. Na nani alianza kuhamia Koboko? Nikamwacha ajibu mwenyewe. Hawah akasema nipeleke sahani kwa wageni.

Sasa fikra. Habari hii itasambaa. Mwakani kila mtu atajiandikisha Arua, na Koboko itakuwa tupu. Na mimi, kwenye jedwali, nina nyota niliyoiweka Mei 6: watu wazima, mtihani wa pekee, umri hauna mwisho. Nina miaka hamsini na saba. Afya ya jamii itanifaa. Nimeishi kwenye jamii. Sijauliza kama watu wazima wana nafasi za wilaya. Ukiuliza unawaamsha washindani.

Leo Mama Rosa amepiga simu. Karanga za Sista zimekomaa, uvunaji ni Jumatatu. Amesema zile thelathini na moja nilizozing'oa bado zinakumbukwa, lakini mtu aliyepalilia anaitwa kuvuna. Sasa nina historia huko. Barua ya pili haiwezi kuandikwa kama ya kwanza.

Jembe nimelitia guniani. Nilipokuwa nalifunga Hakimu alikuwa kwenye ua, gunia jipya begani, refu, halijakaa vizuri. Akaniuliza Jumatatu niko wapi. Nikamwambia Inde, kutazama mbuzi. Akasema ni ajabu, hata yeye, yule mgonjwa hajapona.

Nimemwomba aniletee viazi.